Maswali na Majibu: Yastrzemski na wastani wa ligi yake

Carl Yastrzemski, mchezaji wa besiboli wa timu ya Boston Red Sox, alistaafu na wastani wa upigaji (mapigo yaliyomfikisha kituoni, kugawanywa kwa majaribio yake ya kupiga) wa 0.285 tu. Iweje ahesabiwe miongoni mwa magwiji?

Neno "tu" ndilo lenye kasoro. Alicheza misimu 23, kuanzia 1961 hadi 1983, akapata mapigo 3,419 katika enzi ambayo kwa sehemu kubwa iliwapendelea warushaji. Isitoshe, wastani wa upigaji hauhesabu mara 1,845 alizopewa kituo cha kwanza baada ya kurushiwa mipira minne mibovu. Ukizijumlisha hizo, alifika kituoni kwa kiwango cha 0.379. Mpigaji anayejua kuuacha mpira mbovu upite anaisaidia timu yake, na ni makosa kumhukumu kwa kipimo kisicholiona jambo hilo.

Mwaka 1968 alitwaa taji la upigaji, la mwenye wastani mkubwa kuliko wote, katika Ligi ya Marekani (moja ya ligi kuu mbili za besiboli) kwa 0.301, wastani mdogo kuliko wote uliowahi kulitwaa taji hilo. Je, si msimu wa kuonewa haya?

Swali hili huletwa mara kwa mara na watu ambao hawakutazama wastani wa ligi ya mwaka huo, nao ulikuwa 0.230. Mlima wa mrushaji, yaani kichuguu anachosimama anaporusha, ulikuwa na kimo cha sentimita 38, na eneo halali la kurushia, ambamo mpira usiopigwa huhesabiwa dhidi ya mpigaji, lilikuwa limepanuliwa tangu 1963. Wapigaji walizidiwa kiasi kwamba mwaka 1969 wakuu wa mchezo waliushusha mlima hadi sentimita 25 na kulipunguza eneo hilo, na wastani wa ligi ukapanda hadi 0.246. Katika msimu ule mgumu hakuna mwingine katika ligi hiyo aliyefika 0.300, aliyemfuata, Danny Cater wa Oakland, aliishia 0.290.

Sasa mlinganishe na Chuck Klein, naye mchezaji wa uwanja wa nje, aliyepiga 0.386 akiwa na Philadelphia Phillies mwaka 1930. Wastani wa Ligi ya Taifa, ile ligi kuu ya pili, mwaka huo ulikuwa 0.303, na Phillies wenyewe, kwa wastani wa 0.315, walishika mkia kwa kupoteza michezo 102. Gawanya kila namba kwa wastani wa ligi yake: Klein aliizidi ligi kwa asilimia 27 hivi, Yastrzemski kwa karibu asilimia 31. Anayeziweka 0.386 na 0.301 bega kwa bega bila hesabu hiyo anawapotosha wasomaji, na wapo waandishi wa michezo wanaofanya hivyo kila msimu.

Je, Fenway, uwanja wa nyumbani wa Red Sox, haukumbeba?

Ulimsaidia, na mashabiki wake wanapaswa kukubali hivyo. Alipiga 0.306 nyumbani na 0.264 ugenini, maana ukuta wa kushoto, wenye kimo cha mita 11, uko karibu na mpigaji, na yeye, ingawa alipiga kwa mkono wa kushoto, ambao kwa kawaida huupeleka mpira kulia, aliweza kuupeleka mpira upande huo. Hata hivyo, kipimo cha OPS+, ambacho hujumlisha uwezo wa kufika kituoni na nguvu ya mapigo, huzingatia uwanja na ligi na kumpa mpigaji wa kawaida 100, kinampa 130 kwa maisha yake yote ya uchezaji.

Nani bora, yeye au nyota wa siku hizi?

Taja mchezaji, mwaka na ligi, kisha uulize tena.

Je, wastani wa ligi wa zamani unaweza kulinganishwa moja kwa moja na wa baadaye?

La, na hapa hata wapenzi wa takwimu hujikwaa. Hadi 1972 warushaji wa Ligi ya Marekani walipiga kama wenzao, na kwa kuwa wengi wao walikuwa wapigaji dhaifu, waliushusha wastani wa ligi. Kuanzia 1973 nafasi yao ya kupiga ilichukuliwa na mpigaji maalumu, ambaye kazi yake ni kupiga tu. Hesabu ya Klein na Yastrzemski inasimama kwa sababu mwaka 1930 na mwaka 1968 warushaji walipiga katika ligi zote mbili. Anayetaka kuulinganisha msimu wa 1968 na wowote wa baada ya 1972 katika Ligi ya Marekani, aondoe kwanza mapigo ya warushaji.