Jaji Mkuu Chase na kesi ya noti zake mwenyewe: alitakiwa ajitoe?

Swali: Habari wakili, nasoma sheria mwaka wa pili. Kwenye kesi ya Marekani ya Hepburn v. Griswold ya 1870, Jaji Mkuu Salmon Chase anazikataa noti alizozitoa mwenyewe akiwa waziri wa fedha. Hii imekaaje, si alitakiwa ajitoe?

Jibu: Salama mdogo wangu. Kifupi hakulazimika, na hata kwa sheria ya leo mtu anaweza kubishana na wewe mpaka jioni.

Huyu mzee alikuwa mwanasiasa kabla ya chochote. Alianza uwakili Cincinnati, akapata jina kwa kuwatetea watumwa waliotoroka, akawa seneta wa Ohio, kisha gavana, 1860 akautaka urais chama kikampa Lincoln, na Lincoln naye akamkabidhi hazina. Sasa vita vya wenyewe kwa wenyewe vinakula hela balaa, dhahabu haitoshi, ndo Februari 1862 ikapita sheria ya kuchapa noti za dola milioni 150 zisizo na dhahabu nyuma yake na mdai hana ruhusa ya kuzikataa. Chase mwanzoni alisita ila baadae akaiunga mkono, na noti ya dola 1 ikatoka na sura yake (jamaa bado anautaka urais, kampeni ya bure hiyo). 1864 akajaribu kumzunguka Lincoln ili agombee urais yeye, ikagoma, mwezi wa sita akaondoka wizarani, Oktoba Jaji Mkuu Taney akafariki, na Desemba Lincoln akamteua Chase huyohuyo, Seneti ikampitisha siku ileile.

Kesi yenyewe ni ya deni. Bi Hepburn aliandika hati ya deni 1860, siku ya kulipa ikaangukia tarehe 20 Februari 1862, siku 5 tu kabla ya ile sheria kusainiwa. Baadae akaleta noti, mdai akazikataa. Chase akaandika kwamba kwa madeni ya kabla ya sheria huwezi kumlazimisha mtu apokee karatasi, na kuhusu msimamo wake wa zamani akasema kipindi cha vita hakikuwa cha kutafakari mipaka ya katiba kwa utulivu. Mi hapo namwelewa nusunusu. Siku hiyohiyo ya hukumu Rais Grant akapeleka Seneti majina ya majaji wawili wapya, na 1871 kwenye kesi nyingine ya noti hizohizo, Knox v. Lee, hukumu ikapinduliwa 5 kwa 4, Chase akabaki na wachache.

Kuhusu kujitoa, zamani kila jaji wa Mahakama ya Juu alijipima mwenyewe. John Marshall, Jaji Mkuu wa kabla ya Taney, alikaa kwenye kesi ya Marbury v. Madison wakati hati za uteuzi zilizozua mgogoro alishindwa kuzifikisha yeye akiwa waziri wa mambo ya nje, ila kesi ya ardhi yenye maslahi ya familia yake akajitoa. Sheria ya kujitoa ilikuja kuwagusa majaji wa mahakama hiyo 1948, ikakazwa 1974, na kwa aliyewahi kuwa serikalini inaangalia kama alishiriki kwenye shauri lenyewe au alitoa maoni juu ya kesi hiyohiyo. Kuunga mkono sheria bungeni, peke yake, ni kitu kingine. Na Chase hakupata faida yoyote hapo, alijichoma mwenyewe.

Ukitaka kumbana kwenye andiko lako, achana na noti, nenda 1868. Rais Andrew Johnson anashtakiwa mbele ya Seneti, anaponea kura moja, anayeongoza shauri ni Chase, na miezi michache tu baadae Chase huyohuyo anatafuta tiketi ya urais kwa Demokrati. Hapo mgongano wa maslahi upo wazi kabisa, ila hata angetaka kujitoa mlango haukuwepo, maana katiba yao inasema rais akishtakiwa anaongoza Jaji Mkuu, basi.