Uwiano wa 2 hautoshi

Mali za muda mfupi (zinazotarajiwa kugeuka fedha au kutumika ndani ya miezi 12) kuwa mara 2 ya madeni ya muda mfupi hakuthibitishi kwamba kampuni ndogo italipa kwa wakati. Ondoa kwanza bidhaa zilizo stoo na gharama zilizolipwa kabla, kisha gawanya kinachobaki kwa madeni yote ambayo kampuni inapaswa kulipa ndani ya miezi 12, yakiwemo marejesho ya mkopo wa muda mrefu yanayoiva kipindi hicho (hapo ndipo wengi hukosea). Mfano, mali za muda mfupi 10,000,000, kati yake stoo 6,000,000, na madeni 5,000,000: uwiano unashuka kutoka 2 hadi 0.8. Chini ya 1 ni hatari, isipokuwa biashara inauza taslimu kila siku. Na mteja aliyechelewa kulipa zaidi ya siku 90, deni lake usilihesabu kabisa kwenye mali.