Baba hana maneno lakini bado anashinda mchezo wa ajua: anafikiri kwa kutumia nini?

SWALI: Daktari, salamu. Baba yetu ana miaka 67. Mwezi wa pili alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakapotea. Sasa kila kitu anajibu "sawa sawa", hata akiwa anakataa. Lakini kanisani anaimba wimbo mzima, na jioni akicheza ajua, yaani bao la mashimo na kete, na mjukuu wake, anashinda. Kijana akisogeza kete kwa ujanja, mzee anamshika mkono. Ndugu zangu wanasema akili imekwisha na wanataka kuamua mambo ya shamba la Ahero bila yeye. Mtu asiye na maneno anafikiri kwa kutumia nini? Na tumsemeshe Dholuo au Kiswahili? – Binti yake, Nyalenda, Kisumu.

JIBU: Dada, pole kwa kuuguza. Baba yako anafikiri. Natanguliza hilo kwa sababu kikao cha shamba huenda kikaitishwa kabla hujamaliza kusoma. Alichopoteza ni lugha, na hali hiyo huitwa afasia.

Neva zinazoendesha viungo huvuka upande zikifika chini ya ubongo, kwa hiyo mkono na mguu wa kulia huamrishwa na nusu ya kushoto. Kwa watu wengi sana, takribani 95 katika kila 100 wanaotumia mkono wa kulia, lugha nayo imekaa huko huko kushoto. Ateri moja kubwa hulisha sehemu zote mbili. Ikizibwa na donge la damu, mkono na maneno huondoka siku moja.

Swali lako lina umri mrefu. Mwaka 1861, daktari Paul Broca wa Paris alimpima mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu: "tan". Broca alimuuliza amekaa hospitali ya Bicêtre miaka mingapi. Leborgne akakunjua kiganja mara nne, kisha akainua kidole kimoja. Ishirini na mmoja. Ilikuwa kweli. Alifariki siku chache baadaye, na ubongo wake ukakutwa na jeraha sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Vitabu husifia jeraha hilo kwa sababu lilionyesha makao ya usemi. Mimi vile vidole ndivyo hunivutia zaidi: aliyetoa jibu lile alielewa swali, alikumbuka, akahesabu, tena akatafuta njia ya kupita pale ulimi ulipokwama.

Uchunguzi wa siku hizi unakubaliana na vidole vyake. Mwaka 2005, Rosemary Varley na wenzake nchini Uingereza waliwapima wanaume watatu wenye afasia kali. Sentensi ya nani kamkimbiza nani iliwachanganya, lakini kutoa namba ndogo kwenye kubwa na kubwa kwenye ndogo walijua kutofautisha, na hesabu za mabano walizifanya. Picha za ubongo zilizopigwa kwa mashine ya MRI kwa watu wazima wenye afya nazo zinaonyesha kwamba mtu akipiga hesabu au akitatua fumbo, maeneo ya lugha hayashughuliki sana. Yanayochemka ni mengine, ya mbele na ya juu ya pande zote mbili za kichwa.

Sasa mtazame mzee akiwa kwenye ubao. Macho yanaona mashimo, na sehemu ya nyuma ya ubongo inapanga kinachoonekana. Sehemu ya juu, karibu na utosi, inakadiria kete ngapi ziko wapi. Ya mbele, nyuma ya paji la uso, inashikilia hatua ambayo bado haijachezwa: nikianzia hapa, ya mwisho itaangukia pale, kijana atanila, basi hapana. Sehemu za kumbukumbu zinamletea tabia ya mjukuu wake, kwamba huyu hupenda kuharakisha. Yote hayo ni seli za neva, ambazo ubongo una kama bilioni 86, zikirushiana mipigo midogo ya umeme. Mpigo ukifika mwisho wa seli, kwa kawaida humwagika kemikali kwenye mwanya mwembamba, nayo huiamsha seli ya jirani au huituliza. Miunganiko inayotumika sana huimarika. Miaka yake ya kucheza ajua imehifadhiwa humo. Wazo halikai ndani ya seli moja, ni mpangilio wa nyingi mno zinazopiga kwa pamoja. Jinsi mipigo hiyo inavyogeuka kuwa kitu ambacho mtu anakihisi kabisa kwamba "nimewaza", wanasayansi na wanafalsafa bado wanabishana. Ila mpango wa kumnasa mjukuu haukuhitaji neno hata moja.

Nyimbo za kanisa ni habari nyingine. Maneno yaliyokaririwa tangu utotoni, yakiwa yamefungwa kwenye mdundo, hutoka kama mfuatano mmoja bila kutafutwa moja moja. Kuhesabu moja hadi kumi, sala, salamu, hata matusi, hutoka kwa njia hiyo. (Matusi huwashtua sana watu wa kanisa. Msimhukumu.) "Sawa sawa" yake imo kundi hilo hilo, kwa hiyo msiichukue kama sahihi yake kwenye karatasi yoyote.

Mawazo yake ni kama pesa za M-Pesa: zimo kwenye simu, PIN ndiyo imepotea. Wala msimpe kalamu mkitumaini kwamba ataandika yaliyomshinda kutamka, kwani mara nyingi kuandika nako huharibika. Hata viziwi wanaotumia lugha ya ishara hupoteza ishara zao wakiumia upande wa kushoto, ingawa mikono inaweza kusogea.

Sisemi kila kitu ki salama. Kiharusi kinaweza kugusa pia umakini, kumbukumbu au uamuzi, na karibu theluthi moja ya walionusurika hupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Kushinda ajua peke yake hakuthibitishi kwamba anaelewa mkataba wa ardhi. Hilo linahitaji kupimwa na mtaalamu wa usemi na lugha pamoja na daktari anayemtibu. Lakini kusema "akili imekwisha" kwa sababu hajibu ni kupima kitu kisichohusika.

Kuhusu lugha: tumieni ile aliyoishi nayo zaidi nyumbani. Mara nyingi afasia hupunguza lugha zote za mtu kwa kadiri inayokaribiana, ingawa wapo ambao moja hutangulia kurudi. Kama ni Dholuo, iwe Dholuo, na mjukuu akizoea kumsemesha Kiswahili aendelee. Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, lakini maneno yanaweza kuendelea kurudi hata baada ya miaka, hasa kwa mazoezi. Dawa za presha zisikatizwe hata siku moja.

Kikao cha shamba kikiwa hakiepukiki, kifanyeni asubuhi kabla hajachoka, redio ikiwa imezimwa, na aongee mtu mmoja kwa wakati. Kwanza mjaribuni kwa maswali ambayo majibu yake mnayajua: "Hapa ni Nakuru?" "Hapa ni Kisumu?" Akiitikia yote mawili kwa kichwa, basi kuitikia kwake bado hakuaminiki, wekeni mbele yake kadi mbili, moja ya tiki na nyingine ya alama ya kosa, aguse kwa mkono wa kushoto. Chora shamba lenyewe, mto, njia na mipaka, mpe muda kuliko unavyodhani unatosha, kisha uliza jambo lile lile kinyume: "Tuuze?" halafu baadaye "Tusiuze?" Majibu yakipatana, mmesikia alichosema. Yasipopatana, ahirisheni, na ndugu zako wasubiri apimwe.