Kisu cha Jiwe Kinachocheza Mpinini

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi wa Agosti nilitengeneza kisu bila kutumia chuma. Nilipasua jiwe jeupe la kwatzi nililookota korongoni, nikachomeka kipande chenye makali kwenye mpini wa mti, nikapaka gundi ya mgunga na kufunga kwa kamba ya katani. Kilikata nyama vizuri, lakini tangu mvua zianze Desemba jiwe linacheza, na kamba imekatika mara mbili. Je, nitafute kamba nene zaidi? Msomaji, Kondoa.

JIBU: Ndugu msomaji, kamba nene haitakusaidia. Gundi ya mgunga huyeyuka katika maji. Wakati wa kiangazi chetu hukauka ikawa ngumu kama kioo, lakini hewa ikishika unyevunyevu hulainika, na jiwe likaanza kutikisika. Kwa bahati nzuri, tabia hiyohiyo itakurahisishia ukarabati, kwa kuwa ukiloweka kisu katika maji ya uvuguvugu jiwe litatoka bila kuvunjika.

Kamba nayo inakatwa na kisu chako mwenyewe. Chukua jiwe la mchanga lenye kukwaruza, usugue kingo za sehemu inayoingia mpinini na pale kamba inapopita, hadi kidole kipite bila kukwama; makali yabaki mbele tu. Fanya hivyo nje na ukiwa umelowanisha jiwe, maana vumbi la kwatzi huharibu mapafu. Kisha hakikisha jiwe linakaa katika ufa wa mpini bila kucheza hata kabla ya gundi, kwani gundi hujaza nafasi ndogo tu.

Saga udongo mwekundu uwe laini kama unga, uuchanganye na gundi mpaka upate uji mzito. Ujuzi huu si mgeni: katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, zana za mawe za miaka ipatayo 70,000 zimekutwa na mabaki ya utomvu na udongo wa aina hiyo mahali zilipopachikwa. Kausha polepole kando ya moto, si juu yake, kwa sababu gundi ikichemka hutoa mapovu na kupasuka.

Badala ya katani, mimi napendelea kano za mguu wa ng'ombe, ambazo muuza nyama atakupa bila shida. Zikaushe, uziponde kwa jiwe mpaka zichambuke kuwa nyuzi, uziloweke, uzungushe zikiwa mbichi. Zikikauka husinyaa na kubana zenyewe. Kwa kuwa nazo hulegea zikilowa, zipake nta ya nyuki iliyoyeyushwa, pamoja na gundi yote inayoonekana.

Ukihitaji jiwe jingine, rudi korongoni kwako. Vibanzi vilivyotapakaa chini ya miamba ya michoro ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, huenda ni visu vya watu waliotutangulia, na sheria inakataza kuviondoa.