Majivu ya kiwanda cha korosho, niyamwage bustanini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Newala, nina bustani ya nyanya na mchicha, na shamba la mahindi pembeni ya mikorosho. Kiwanda cha kubangua kilicho jirani kinatoa bure maganda na majivu ya tanuru, gharama yako ni gari tu. Mahindi yangu yanadumaa hata nikiweka samadi. Nibebe maganda, majivu au vyote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Beba majivu, maganda mabichi waachie wenyewe.

Ganda la korosho lina mafuta mengi, yanaweza kufika robo ya uzito wake, na ni yale yale yanayobabua vidole vya akina mama wabanguaji. (Wengi wao hujipaka majivu mikononi kabla ya kushika korosho.) Ukilitia udongoni likiwa bichi, mafuta hayo huzuia mbegu kuota na kuunguza mizizi michanga. Hata lililokamuliwa hubaki na mafuta kiasi. Ukitaka kujua lako likoje, jaza udongo kwenye makopo mawili, moja uchanganye maganda, kisha panda maharage kumi kila kopo. Baada ya siku kumi hutahitaji kuniuliza.

Majivu ni habari nyingine. Moto umeshayala mafuta, na kilichobaki ni kalsiamu, magnesiamu na potashi kwa wingi. Ndiyo yale maji ya majivu bibi zetu walichuja kupikia mlenda. Naitrojeni hakuna, imepaa na moshi, kwa hiyo usiache samadi.

Sasa kudumaa kwa mahindi. Nashuku salfa. Udongo wa kichanga wa huko kwenu uwandani una uchachu wa asili, na miaka yote tunapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Ile inayoanguka chini huliwa na vijidudu vya udongo na kuwa tindikali. Kilo moja ya salfa ikishageuka yote huhitaji kilo tatu na kidogo za chokaa kuituliza. Piga hesabu ya misimu uliyopuliza, na mahindi yako yapo pembeni ya mikorosho hiyo hiyo. Udongo ukiwa mchachu sana, aluminiamu huachiliwa na kukata ncha za mizizi, na fosforasi hushikwa isifike kwenye mmea. Samadi peke yake haiwezi vita hiyo. Majivu huyeyusha uchachu huo, ingawa kwa uzito ule ule hayana nguvu ya chokaa ya kilimo.

Lakini pima kwanza. Chukua udongo sehemu kumi na zaidi za shamba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, peleka kiroba kidogo kwa afisa kilimo wako au uulizie TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara. Watakupa pH, kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi. Kama pH ni 6 na kuendelea, majivu yaache, shida yako iko kwingine. Ikiwa chini ya 5.5, anza na gramu 100 kwa mita ya mraba, yaani kilo 10 kwa kipande cha mita 10 kwa 10. Tumia mizani, kwa sababu ndoo ya majivu makavu na ndoo ya majivu yenye unyevu hazilingani hata kidogo. Mchanga hupandishwa pH upesi kuliko mfinyanzi, na wanaozidisha huja kulalamika kwamba majani yamekuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani. Hapo zinki, chuma na manganizi zimefungwa.

Tandaza wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, tifua yachanganyike. Usiyakutanishe siku moja na urea wala samadi mbichi. Ukisikia harufu inayochoma puani, hiyo ni naitrojeni yako inapaa.

Hifadhi chini ya bati. Lundo likinyeshewa, potashi nyingi inateremka na maji, na nyanya ndizo zinazoihitaji.

La mwisho, kabla ya kulipa gari, muulize mwenye tanuru anachoma nini kingine. Wengine hutupia humo viroba vya plastiki na takataka za ofisini. Majivu ya namna hiyo usiyapeleke kwenye mchicha wa kula.