Panzi wa kijani anaimba kwa fensi, nimpige dawa?

SWALI: Mhariri habari, niko huku Luanda, Vihiga. Kila jioni tukiwasha taa ya nje kuna panzi wa kijani wanakuja kwa ukuta, antena ndefuuu kama uzi, na kelele yao usiku kucha inatoka kwa fensi yetu ya lantana na yale maua machungu ya njano. Mmoja ana kitu kama kisu huko nyuma, watoto wanakimbia. Mzee ashanunua dawa, anasema apige mahindi na fensi yote kisha aing'oe tupande mpaka mwisho. Kweli hawa ndio wanatumaliza? – Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, hebu mzee angoje kwanza. Hao ni ukoo wa senene. Panzi wa kawaida wa mchana antena zake ni fupi, hawa zao zinapita hata urefu wa mwili. Kile kisu ni cha jike, cha kutagia mayai, hakidungi mtu, waambie watoto. Anayeimba ni dume, anasugua bawa kwa bawa kama mtu anakwaruza kitana kwa ukucha. Sasa shika mmoja polepole, angalia mguu wa mbele chini kidogo ya goti, utaona kamstari kama chale. Hilo ndilo sikio! Mimi mara ya kwanza kuonyeshwa nilidhani nataniwa.

Kumaliza mahindi, hapana. Senene mwenyewe anapenda nyasi na mbegu changa, ataonja mtama au mahindi kidogo, na wengine kwa huo ukoo wanakula hata vidukari na viwavi wadogo. Fungua moyo wa mmea wa mahindi, ukipata uchafu kama vumbi la mbao hao ni viwavijeshi, wale waliingia Kenya 2017, na hawakai kwa fensi yako wakiimba. Anayekaa kwa fensi ni nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya viwavi, buibui, siafu, nyuki wa maharagwe yako, na dawa ikipigwa pale haichagui, wote wanaenda na viwavi wengine wanabaki wakinenepa.

Kama ni funza wa bua na lile gugu la kayongo (striga) vinawasumbua, pale Mbita watu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walifanyia kazi ile njia ya kupanda mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi ya nepia kuzunguka shamba, nondo anayezaa hao funza anafukuzwa ndani anavutwa nje, na ng'ombe anapata chakula juu yake.

Fensi ikizidi kateni tu matawi upande mmoja, mwingine mwaka ujao. Halafu saa mbili usiku simameni hapo na mzee mzime tochi, kila aina ina wimbo wake, mhesabu ni ngapi. Na kama kwenu mnawakaanga, wa fensi iliyopigwa dawa msiguse.