Kwa mabwana shamba wapya mnaoletwa Dodoma

Mkifika, nendeni shambani msimu wa kupogoa zabibu hata kama hamjapangiwa. Daftari liacheni ofisini, ombeni mkasi.

Mimi nilikuja na cheti, nikijua kwamba kila tawi huachiwa macho mawili, yaani vifundo viwili vinavyochipua, na kwamba toka kupogoa hadi kuvuna ni kama miezi minne, ndiyo maana huku wanavuna mara mbili kwa mwaka. Yote ni kweli. Siku ya kwanza Hombolo niliwaeleza wakulima vizuri, kisha nikapewa mkasi nioneshe. Nikamaliza mstari mzima harakaharaka, macho mawili, macho mawili. Mwenye shamba, mama mtu mzima, alinifuata nyuma kimya. Mwishoni akaniita: "Mwanangu, hebu njoo uone." Nilikuwa nimekata juu ya jicho kabisa, bila kuacha hata upana wa ukucha. "Hili litakauka."

Yakakauka mengi. Mistari yake ilipochipua, wangu ulikuwa na mapengo, na zabibu zile ndizo zilikuwa ada ya mtoto. Mpaka leo linaniuma.

Akanifundisha upya. Geuza tawi kwanza, tafuta jicho linalotazama nje, acha nafasi kidogo juu yake, kata mshazari, mkato uinamie upande wa pili wa jicho ili maji ya tawi yasilidondokee. Tawi lililokomaa linakatika kwa mlio mkavu. Changa linapondeka tu, na mkono unasikia. Nilirudi kwake siku nne, mimi nakata, yeye anasahihisha. Siku ya nne hakusema kitu, akaenda kuchota maji.

Vitabu msivitupe. Ubwiri unga ukiingia, kitabu ndicho kitakachokuambia kuwa ni ukungu na kwamba salfa inasaidia. Ila ule unga mwembamba wa kijivu kwenye jani changa, siku unapoanza tu, anauona aliyezoea kupita katikati ya mistari asubuhi.

Halafu salamu. Kwa wazee wa Kigogo anza na "mbukwenyi", uliza mvua, uliza mifugo, kaa kwenye kigoda ukipewa. Mama yule alinikosoa kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimekaa. Wakulima wengi wakikuona una haraka wanakuitikia tu, wanakuacha uondoke na makosa yako.

Mkasi nunueni wenu, pamoja na jiwe la kunolea. Wa kuazima mara nyingi ni butu, na mkasi butu huponda tawi.